Montana Gani?

Nevena Lilova hakuwa na darubini. Hakuwa na kompyuta yake mwenyewe. Ile aliyoibeba begani ilikuwa mali ya chuo, imebandikwa namba mgongoni kama ng'ombe wa ushirika. Hakuwa na mume, maana yule aliyekuwa naye alikwenda Uhispania kuchuma stroberi kwa msimu mmoja, na msimu huo sasa ulikuwa na miaka tisa. Hakuwa na kazi, kwa kuwa kiwanda alichokishonea suruali za Wajerumani kwa miaka kumi na minane kilikuwa kimefunga milango. Hakuwa na umri wa mwanafunzi: alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Tena hakuwa na miwani, ingawa aliihitaji tangu zile siku za mwisho kiwandani alipokuwa akitunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha. Miwani, alisema, ni ya wazee.

Kati ya yote hayo, ni miwani iliyokuja kumponza.

Alichokuwa nacho ni baba mwenye ulimi mkali, nyumba ya chini yenye mzabibu mlangoni katika kijiji cha Vranino, kaskazini-magharibi mwa Bulgaria, na udadisi usiojua kupiga hodi. Udadisi huo ndio uliompeleka Sofia, kwenye chuo cha ualimu, katika darasa la watu wazima wanaosoma Jumamosi. Walikuwa kumi na wawili: muuguzi, askari mstaafu, mama mmoja mfuga nyuki, na wengine wa namna hiyo. Wote walitaka kuwa walimu wa sayansi, kwa sababu vijiji vilikuwa vimebakiwa na watoto bila walimu kama vile nyumba inavyobakiwa na kuku bila mwenyewe.

Somo la anga lilifundishwa na Mhadhiri Iskra Radeva, mwanamke mwembamba aliyezoea kufundisha amevaa koti. Siku ya kwanza alifunga mapazia, akawasha projekta, lakini hakufungua kitu.

"Kabla sijawaonyesha ramani," alisema, "niambieni. Jana saa moja jioni, mwezi ulikuwa upande gani?"

Askari mstaafu akakohoa.

"Ulikuwepo kweli, Mwalimu?"

"Ulikuwepo, mpana kama sinia, juu ya paa la kituo chako cha zamani. Na ninyi ndio mtakaowafundisha watoto!"

Ndipo akafungua ramani ya anga. Ukutani pakatokea mbingu nzima, nyeusi, yenye nyota kama unga uliomwagika. Radeva akaigeuza saa ya kompyuta iende mbio, na nyota zote zikaanza kuzunguka, kundi zima, taratibu, isipokuwa moja tu iliyokaa palepale kama mzee katikati ya ngoma. Ilikuwa Nyota ya Kaskazini. Nevena alisahau kufunga mdomo.

"Mwalimu, ukiiondoa ardhi?"

"Vipi?"

"Hiyo ardhi hapo chini. Ukiiondoa, tutaziona zilizoko chini ya miguu yetu?"

Radeva alimtazama kidogo, kisha akabonyeza mahali, na ardhi ikatoweka. Wanafunzi wote kumi na wawili wakajikuta wananing'inia. Mama wa nyuki akashika kiti.

Kanuni ya Radeva ilikuwa fupi, na aliwaandikisha madaftarini: kwanza ramani, kisha anga, kisha ramani tena. Mtoto akisie kwanza kwenye ramani, atoke nje apime kwa mkono wake, halafu arudi alinganishe. "Ramani isiyoulizwa maswali," alisema, "ni picha ya ukutani tu."

Nevena aliyashika maneno hayo. Jioni, Vranino, alikaa jikoni na kompyuta ya chuo, akaivuta dunia kaskazini na kusini kwa kidole. Akisogea kaskazini, Nyota ya Kaskazini ilipanda. Akishuka hadi mstari wa Ikweta, ililala kwenye upeo wa macho kama mtu aliyechoka akajilaza sakafuni. Hapo alielewa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia katika miaka yake ya shule: urefu wa nyota ile kutoka ardhini, ukiupima kwa nyuzi, ndio unaokuambia uko wapi duniani. Mwanamke aliyehesabu nyuzi maisha yake yote kwenye mashine, sasa akahesabu nyuzi za mbingu.

*

Ilikuwa Novemba alipotakiwa kutoa somo lake la majaribio. Somo hilo ndilo lililobeba kila kitu. Akifaulu, angepata cheti mwezi wa kwanza. Akipata cheti, shule ya Vranino ingekuwa na mwalimu wa sayansi kabla ya muhula wa pili. Asipofaulu, angerudia vuli ijayo, na hapo hapangekuwa na cha kurudia, kwa sababu wilaya ilikuwa imeshamwandikia mwalimu mkuu Stamov: bila mwalimu mwenye cheti ifikapo Februari, darasa la sita na la saba watapandishwa basi kila asubuhi kwenda kusoma mjini.

"Nevena, dada yangu," Stamov alimwambia mlangoni mwa darasa, akijipangusa jasho ingawa nje kulikuwa na sakitu, "mimi sikuombi maajabu. Fundisha, umalize, upate cheti."

Watoto wa darasa la sita walikuwa tisa. Radeva alikuja kutoka Sofia akaketi nyuma na daftari lake. Nevena aliwasha projekta, na juu ya ukuta wenye rangi iliyobanduka ikatokea mbingu ya jioni ile, saa kumi na mbili na nusu. Kundi lile wanaloliita Waswahili Kilimia, watoto walilipigia kelele kwa jina lao: "Kuku na Vifaranga!" Na ule ukanda mweupe unaokata anga?

"Majani ya Kumu!" wakaitikia.

"Nani atanisimulia?"

Mvulana mnene akainuka. "Kuna mtu aliiba majani makavu kwa kumu wake, yule aliyemsimamia harusi na kumbatizia watoto. Akayapakia kwenye gari la ng'ombe. Gari lilikuwa na tundu. Majani yakadondoka njia nzima hadi mlangoni kwake."

"Na nani alimkamata?"

"Hakuna. Njia yenyewe ndiyo ilimkamata."

Radeva aliandika kitu daftarini. Hapo msichana mmoja mwenye nywele fupi, Yagoda, binti wa fundi wa matrekta, akanyoosha mkono bila kusubiri kuitwa.

"Mwalimu, ramani yako imekosewa. Mashariki iko kushoto."

Darasa likacheka. Nevena hakucheka. Alichukua karatasi, akachora duara na herufi nne za pande za dunia, mashariki kushoto vilevile, akampa. "Usiiweke mezani. Iinue juu ya kichwa chako, uitazame kwa chini. Uso wako uelekee kule kwenye kilima, kaskazini."

Yagoda akainua karatasi, shingo nyuma, mdomo wazi. "Ah! Imekaa sawa!" Kisha, kwa mashaka: "Kwa hiyo ramani ya anga ni kama dari?"

"Ni dari. Ramani ya nchi ni sakafu."

Radeva akatikisa kichwa kulia na kushoto, jambo ambalo kwa Wabulgaria ni kukubali, na Nevena akaona Februari inamkaribia kwa miguu yake yenyewe.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Ramani ilionyesha kwamba jioni ile Nyota ya Kaskazini ingesimama nyuzi arobaini na sita juu ya ardhi ya Vranino. Nevena akaandika 46 ubaoni, kubwa. Watoto wakatengeneza vipimo vyao: kipimapembe cha shule, uzi wenye nati iliyofungwa mwishoni ili uning'inie wima, na mrija wa kuchungulia nyota. Mirija ya karatasi ya dukani ililowa na kupinda, hivyo Nevena alikuwa ameleta mabua ya ngano kutoka ghalani kwa baba yake, manyoofu, makavu, kila mtoto lake.

"Leo jioni mnapima, kesho mnaniletea. Tuone kama anga inaitii ramani."

*

Anga haikuitii.

Kesho yake watoto walisoma matokeo yao mmoja mmoja. Arobaini na tatu. Arobaini na mbili. Arobaini na nne. Arobaini na tatu. Nevena aliandika, na kila alipoandika chaki ilizidi kuwa nzito. Hakuna hata mmoja aliyefika arobaini na sita.

"Mlitikisa mikono," alisema.

"Mimi niliegemeza kwenye uzio," alisema Yagoda. "Nimepima mara tano. Arobaini na tatu, mara tano."

"Pengine bua lako limepinda."

"Bua ni lako, mwalimu."

Darasa likaguna kwa furaha. Nevena akaeleza kwamba kupima ni kazi ngumu, kwamba baridi hutetemesha vidole, kwamba watu wazima wenye vyombo vya maelfu hukosea pia.

"Basi sisi wote tisa tumekosea," alisema Yagoda.

"Mmekosea kidogo. Si aibu."

"Na ramani haijakosea."

"Ramani inatengenezwa na wataalamu, Yagoda."

Msichana akafunga daftari lake polepole, kwa namna ya mtu anayefunga duka mbele ya mteja asiyempenda.

Usiku huo Nevena aliandika ripoti yake. Sehemu ya tatu aliipa kichwa cha habari: *Sababu za makosa ya wanafunzi*. Alizipanga vizuri: umri, baridi, mikono, mabua. Ilikuwa sehemu nzuri, yenye maneno ya kitabuni, na alipoisoma kwa sauti ilimpendeza. Jumamosi akaipeleka Sofia. Radeva aliisoma palepale, miguu juu ya kipasha joto.

"Lilova, karibu kila ripoti ninayopokea inasema watoto walifurahi sana. Wewe umejiuliza kwa nini walikosea. Hii sehemu ya tatu nitawasomea wenzako." Akaandika pembeni kwa penseli: *6*. Ndiyo alama ya juu kabisa. "Nitaisaini rasmi Ijumaa pamoja na kamati. Hongera, mwalimu."

Lilikuwa neno la kwanza la aina hiyo kutoka kinywa kile. Askari mstaafu alimpiga bega. "Waone hao! Fundi cherehani anatupita! Utuletee rakia, ile pombe kali ya baba yako, ukijifanya umesahau tutakuja wenyewe."

Alicheka nao. Lakini ndani ya basi la kurudi, milima ikiwa imeshatiwa theluji kileleni, kitu kilimsumbua kama kokoto kiatuni. Akatoa daftari na kuzitazama namba tisa. Akazijumlisha, akagawa kwa tisa. Arobaini na tatu kamili.

Mikono inayotetemeka hutetemeka huku na huku. Mmoja huzidisha, mwingine hupunguza. Hawa wote walikuwa wamepunguza. Na hapo, bila kupenda, akakumbuka kiwandani, mwaka ule ambapo suruali mia nne zilitoka fupi kwa vidole viwili. Msimamizi aliwafokea washonaji wote, safu nzima, hadi mama mmoja mzee aliposimama akasema: "Bwana, mshonaji mmoja akikosea ni mkono. Tukikosea wote sawasawa, kakague karatasi ya kukatia." Wakakagua. Karatasi ya kipimo ndiyo iliyokuwa fupi.

Nevena akafunga daftari. Akalifungua tena. Nje, majani makavu, mtu angesema, yalikuwa yakidondoka njia nzima.

*

Mzee Gavril, baba yake, alikuwa na miaka sabini na saba. Alikuwa ameendesha winchi ujana wake wote na kusoma shule ya jioni kwa miaka minne baada ya zamu, na hakuruhusu mtu yeyote asahau lolote kati ya hayo mawili. Alikuwa na miwani miwili, ya gazeti na ya mbali, na aliivaa yote kwa fahari.

Jumapili, baada ya maharage, Nevena alifungua kompyuta mezani.

"Baba, nataka kuikagua hii ramani."

"Ikague. Lakini kwanza nionyeshe anga la siku niliyozaliwa. Nyota zilikuwa zimekaaje? Mama alisema kulikuwa na mwezi, shangazi akasema ilinyesha."

"Mvua ramani haiijui. Nyota inazijua." Akafungua sehemu ya tarehe, akaandika, kisha sehemu ya mahali. "Mahali tayari: Montana."

Vranino ni kijiji kidogo mno kuwa kwenye orodha ya kompyuta, ndiyo maana tangu mwanzo alichagua mji wao wa wilaya ulio kilomita kumi na mbili tu.

"Mimi sikuzaliwa Montana," alisema mzee.

"Baba, tafadhali."

"Nimezaliwa Mihaylovgrad. Imeandikwa kwenye cheti."

"Ni mji uleule."

"Mji uleule! Mama yangu alizaliwa Ferdinand. Bibi yangu alizaliwa Kutlovitsa. Nyumba moja, kitanda kimoja, miji mitatu! Na wewe unaniletea wa nne. Mji huu umebadilisha majina kuliko mwizi wa farasi. Montana, Montana… Montana gani?"

"Montana ni Montana, baba. Iko moja tu."

"Nipishe nione." Akavua miwani ya mbali, akavaa ya gazeti, akasogeza pua hadi kwenye kioo cha kompyuta. Alisoma kama alivyosoma kila kitu, kuanzia herufi ndogo. "Nevena."

"Nini?"

"Hapa kuna bendera."

"Ni bendera yetu."

"Yetu ina rangi tatu. Hii ni nyekundu, ina msalaba mweupe katikati. Kwa macho yako ni doa tu, eh? Na hapa chini wameandika mita elfu moja na mia tano juu ya bahari. Binti yangu, sisi tuko mita mia moja na sitini. Lini tumepanda?"

Nevena alimnyang'anya miwani usoni na kuivaa mwenyewe. Herufi zikasimama wima, nyeusi, zenye ncha, kama zilizoamshwa. Ilikuwa Montana ya Uswisi. Kijiji cha milimani ambako watu wenye nafasi zao huenda kuteleza kwenye theluji. Ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, na ile yao ilikuwa ya tatu. Yeye alikuwa ameibonyeza ya kwanza, wiki tano zilizopita, kwa kuamini kwamba Montana iko moja tu duniani.

Akabonyeza ya tatu. Anga ikatikisika kidogo tu, hata mtu asiyetazama asingejua. Kuku na Vifaranga walibaki karibu palepale. Lakini Nyota ya Kaskazini ilishuka, polepole, ikatulia. Akaisogezea mshale.

Nyuzi arobaini na tatu.

"Mama yangu," alisema Nevena, na akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akakaa chini. "Baba, wameipata! Watoto wa darasa la sita. Kwa mabua ya ngano! Wameikamata kompyuta ikiwa imekaa kwenye mlima wa watu."

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema mzee. "Rudisha miwani yangu."

Alimrudishia. Ndipo furaha ikamshuka kama nyota ile, kwa nyuzi zilezile. Alikuwa amewaambia watoto tisa kwamba wamekosea. Alikuwa ameliandika, akalipamba, akapewa sita. Na Ijumaa lingesainiwa.

*

"Nyuzi tatu!" Stamov alifunga mlango wa ofisi. "Nevena, dada yangu mpenzi, nani atakufa kwa nyuzi tatu?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Ripoti inasema watoto walikosea."

"Na watakosea tena kesho, ni watoto! Sikiliza. Ukimwandikia yule mama, atafanya nini? Atasema hongera? Sehemu ya tatu ikifutwa, ripoti haina miguu. Utarudia vuli. Na vuli hakuna darasa la kurudia, liko kwenye basi saa kumi na mbili asubuhi, linatapika kwenye kona za barabara." Akaketi. Sauti yake ikapungua. "Waambie watoto, kama inakuchoma. Waambie wao. Lakini karatasi iache ilale."

Alichosema hakikuwa cha kipuuzi, na hilo ndilo lililomsumbua Nevena. Aliondoka, akaingia darasa la sita akiwa amebeba kompyuta kwapani.

Aliwasha projekta, akaufungua ukurasa wa mahali, akaikuza ile bendera hadi ikajaa ukutani.

"Hii ni ya nani?"

"Uswisi!" alisema mvulana mnene. "Ya chokoleti."

"Ya visu," alisema mwingine.

"Wiki iliyopita nilipowaonyesha anga la Vranino, nilikuwa nimewaonyesha hili. Kuna Montana huko pia. Iko juu kaskazini kuliko sisi. Mimi nilichagua, na sikuangalia."

Vichwa tisa vikahesabu. Kisha Yagoda akasimama. Hakupiga kelele, na hilo lilimfanya Nevena atamani angepiga.

"Kwa hiyo yetu ni ngapi?"

Nevena akabadilisha mahali. Namba ikatokea pembeni ya nyota. Darasa likaisoma kwa pamoja, sauti zikipanda: "Arobaini na tatu!"

"Nilisema! Mara tano nilisema!"

"Mwalimu, tumesoma anga la matajiri!"

"Ndiyo maana lilikuwa juu!"

"Na bua langu je?" Yagoda aliuliza, mikono kiunoni.

"Bua lako lilikuwa nyoofu. Mkono wako pia. Nilikosea mimi, na nikawaandika ninyi."

"Umetuandika wapi?"

Nevena alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi ya anga. Hili hakuwa amejiandaa nalo.

"Kwenye ripoti. Huko chuoni. Imeandikwa kwamba mlikosea kwa sababu ya umri na baridi."

"Bado imeandikwa hivyo?"

Watoto tisa walimtazama. Ukutani, nyota ile ilikuwa imesimama mahali pake pa haki, haisogei. Nevena alifikiria basi la saa kumi na mbili asubuhi. Alifikiria pia kwamba ikiwa angeiacha karatasi ilale, basi mtu ambaye Februari angesimama mbele ya darasa hili kuwaambia "pimeni, msiamini tu" angekuwa ameshaonyesha jinsi mambo yanavyofanywa kweli.

"Leo bado," alisema. "Toeni karatasi. Kila mmoja aandike kipimo chake, alikosimama, na jina lake kamili. Kwa wino."

"Kwa nini wino?"

"Kwa sababu ninyi ndio mliopima."

*

Aliandika barua mezani kwa baba yake, amevaa miwani ya gazeti ya mzee, huku mwenyewe akiwa amekaa pembeni na ile ya mbali, akilalamika kwamba gazeti lake limekuwa ukungu. Barua pepe ingefika kwa dakika moja, lakini kamati ya chuo haikupokea kitu bila saini na karatasi, na zaidi ya hapo kulikuwa na zile karatasi tisa za wino.

*Mwalimu Radeva,*

*Naomba uirudishe ripoti yangu kabla haijasainiwa Ijumaa. Sehemu ya tatu, ile uliyoisifu, si ya kweli. Watoto hawakukosea. Kwenye ramani nilichagua Montana ya Uswisi nikidhani ni yetu, kwa hiyo nyota ilikuwa juu kwa nyuzi tatu. Watoto wote tisa waliiona mahali inapostahili, nami nikawaambia wametikisa mikono. Ninaambatanisha vipimo vyao pamoja na majina yao. Wastani ni arobaini na tatu.*

*Ulitufundisha kwanza ramani, kisha anga, kisha ramani tena. Mimi niliporudi kwenye ramani niliwauliza maswali watoto. Ramani yenyewe sikuiuliza. Badala ya sehemu ya tatu nimeandika nyingine. Kichwa chake ni "Sababu za kosa la mwalimu." Ni fupi.*

*Nikitakiwa kurudia somo, nitarudia. Lakini kama bado unataka kuwasomea wenzangu kitu, naomba uwasomee hii.*

*Nevena Lilova*

*Barua hii nimeiandika kwa miwani ya baba yangu.*

Mzee Gavril aliisoma kwa mkono ulionyooshwa mbali. Aliisoma yote, hadi mwisho, kisha akairudia.

"Shule ya jioni," alisema, "mwalimu wetu wa hesabu alikosea siku moja ubaoni. Mimi nilimwona. Sikusema, nilikuwa na miaka ishirini na nimechoka. Yeye pia alijiona, nikamwona anajiona, akafuta haraka kwa mkono wa koti. Miaka hamsini na saba nakumbuka ule mkono wa koti tu. Hesabu yenyewe nimeisahau." Akamrudishia barua. "Ikunje vizuri. Katikati."

Posta ya Vranino hufunguliwa Jumanne na Alhamisi hadi saa sita mchana, kwenye chumba kilekile wanachouzia mkate. Ilikuwa Jumanne. Walikwenda wote wawili, mzee akiwa amevaa kofia yake ya Jumapili. Karani, mama aliyejua habari za kila bahasha kabla haijafungwa, akalivuta daftari lake.

"Rejesta? Ya wapi?"

"Sofia. Ifike kabla ya Ijumaa."

"Itafika Alhamisi, theluji ikipenda. Andika mtumaji nyuma."

Nevena akaandika: *N. Lilova, kijiji cha Vranino, wilaya ya Montana.* Mzee akachungulia juu ya bega lake.

"Montana gani?"

"Baba!"

"Andika Bulgaria. Tusije tukajibiwa na Waswisi."

Akaandika Bulgaria. Akaingiza barua, na nyuma yake karatasi tisa za wino, ambazo zilifanya bahasha ivimbe tumbo. Akalamba gundi, akakunja, akabonyeza kwa gumba kutoka pembe hadi pembe kama anayelaza pindo la suruali kabla ya kulishona. Karani akaipima, akagonga mhuri, MONTANA, tarehe chini yake, na kuitupa ndani ya mfuko wa turubai uliokuwa ukingoja gari mlangoni.